Ufaransa na Mzee Asiyesema

Hivi nyinyi, shoga zangu, mshawahi kumwambia mtu "karibu chakula," akakaa kweli? Sisemi kwetu, ambako mtu akikukaribisha unajibu "starehe, nimeshiba" hata kama utumbo unalia. Nasema mtu asokujua, asojua hata karibu ni kitu gani, akajivuta kwenye benchi, akala.

Basi mie yamenikuta. Tangu nirudi, kila nikikutana na mmoja wenu kwenye ngazi ni "Bi Mwanaisha, hebu tueleze Ufaransa." Nikianza na huyu, anatokea mwingine, narudi mwanzo. Nimechoka kurudi mwanzo. Naandika kama ninavyosema, maana shule mie niliijua kwa kuipita nje. Mkikuta neno limekaa vibaya, lisukumeni kidogo mpite.

Mambo ya tiketi na viza msiniulize. Aliyafanya Rukia, mwanangu, ndiye alotupa safari hii. Ati mie na baba yake hatujawahi kwenda mahali wawili peke yetu tangu tuoane. Na kweli. Tumekwenda harusini, tumekwenda matangani, tumekwenda hospitali. Kwenda kutembea tu, mkono na mkono, hatujui kunaanza vipi.

HOUSTON MPAKA DALLAS

Ndege yetu iliondokea Dallas, na Salma, mjukuu wangu, binti wa Rukia, anakaa huko Plano, anafanya kazi kwenye ofisi ya vioo vitupu. Tukasema twende kwa gari, tulale kwake.

Mzee Athmani mnamjua. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa lori, kupeleka mizigo kwenye maghala ya Mesquite na kurudi, yeye na barabara. Lori aliliacha moyo ulipoanza kumsumbua, lakini barabara haijamtoka. Akishika usukani, mdomo unafungwa kama duka siku ya Idi.

"Baba Rukia, watazame wale ng'ombe, wamejipanga kivulini kama wana mkutano."

"Mm."

"Umechukua dawa zako?"

"Mm."

"Na moto nilouwacha jikoni?"

"Mm."

Khaa! Nikajicheka mwenyewe, nikafungua visheti mlonifungia, nikala peke yangu mpaka Dallas.

Sasa niwaambie jambo ambalo hakuna kati yenu anayelijua. Nilipanda gari lile nina neno kifuani. Nilitaka kumwambia Mzee kuwa nataka kurudi kwetu Takaungu. Si kwenda kutembea, ni kurudi. Na yeye hawezi kuja. Daktari wa moyo wake yuko hapa, dawa ziko hapa, na vipimo haviishi. Kwa hivyo nikisema narudi, ndiyo namwacha. Mtu ulozeeka naye, unaanzia wapi?

Nyumbani nafasi ya kusema haipo. Rukia anafanya kazi usiku, mchana amelala, tunatembea kwa ncha za vidole. Mzee ana televisheni yake. Nyinyi mnanikuta kwenye ngazi nacheka, mnasema "Bi Mwanaisha, vipi?" na funguo ziko mkononi, jibu halijanitoka mlango ushafungwa. Silaumu, kila mtu hapa mtaani Gulfton anakimbilia zamu yake. Nasema tu ilivyo.

Kwa Salma, jikoni, nikamnong'oneza, "Nikifika Ufaransa namwambia babu yako narudi kwetu."

Yule mtoto, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini kila kitu anasikia. Kijiko kikamkwama kwenye kikombe. "Bibi, seriously?"

"Seriously kabisa," nikamwambia.

CHARTRES

Tulikodi gari pale pale uwanja wa ndege wa Paris. Gari la gia za mkono, na Mzee akafurahi, akawa anazibadilisha kama anacheza bao. Paris yenyewe tuliipita pembeni, mie niliiona kwa dirisha, majengo na mabango tu kama kwengine.

Lakini gari lile, shoga zangu, lilikuwa na mke mwenza. Yule mwanamke wa kwenye simu anayeonyesha njia! Akisema kata kushoto, Mzee anakata. Akisema punguza mwendo, anapunguza. Akinyamaza kidogo, Mzee anamtazama kwa wasiwasi, ati amekwenda wapi. Mie nipo hapa ubavuni, nazungumza tangu asubuhi, hajaniuliza nimekwenda wapi hata siku moja.

Chartres ni mji wa kanisa. Unaliona kutoka mbali, limesimama juu ya mashamba ya ngano, mji wenyewe bado hujauona. Mie Mwislamu, lakini uzuri ni uzuri, nikaingia. Ndani ni giza na baridi, halafu yale madirisha! Vioo vya rangi mpaka juu, na buluu yake sijui niwaambie ni buluu ya nini. Si ya mbingu, si ya kitambaa. Inakumwagikia mikononi. Nikageuka nikasema kwa sauti, "Baba Rukia, tazama mikono yangu!"

Hakuna mtu. Mzee alikuwa nje, analinda gari. Kulikuwa na bwana mmoja mzee tu, akaweka kidole mdomoni, shhh.

Nikakaa kwenye kiti nimejinyamazia, na mikono yangu ya buluu. Pale ndipo nilipoona kuwa safari ya watu wawili inaweza kuwa na mtu mmoja.

TOURS

Wafaransa watu wanawasema vibaya bure. Wanajua salamu! Ukiingia duka la mikate bila kusema bonjour, wanakutazama kama mtu alovaa kanga kichwa chini. Mie nikaona, hee, hawa ni watu wa kwetu. Nikawa naingia, "Bonjour!" Wanajibu bonjour. Nami naendelea, "Bonjour ya nyumbani? Bonjour ya watoto?" Binti wa duka akacheka mpaka akanizidishia kipande cha keki. Lakini nyuma kuna foleni, na bonjour yao ni moja, ikishajibiwa imekwisha, upishe mwenzio.

Jambo lao gumu ni chakula. Saa zao za kula zikipita, hata ulie, hupati. Tulifika Tours mchana umepinda kidogo, nyumba za mbao zilizoinama kama wazee wanaonong'onezana, meza zimejaa uwanjani, lakini majiko yamezimwa. Mwanamke anafuta meza, namwonyesha mdomo na tumbo, ananionyesha saa ya ukutani. Namwonyesha Mzee, nagusa moyo wangu, maana yake huyu mgonjwa. Akamletea Mzee bilauri ya maji.

Jioni tukapata kijana Mualjeria anauza nyama za kuchoma halali. Akatujibu salamu kwa furaha, nikataka kumweleza habari zetu zote, lakini simu yake haikuacha kulia. Akatupa mfuko, akasema Mungu awabariki, haya, anayefuata!

Tulipokuwa tunavuka daraja la ule mto wao mkubwa, Loire, maji mapana yana visiwa vya mchanga, nikaona sasa. "Baba Rukia, nina neno."

"Mm?"

Hii ilikuwa na alama ya kuuliza ndani yake! Nikavuta pumzi. Na yule mwanamke wa kwenye simu akasema, "Kwenye mzunguko, toka njia ya tatu." Mzee akatoka ya pili. Akarudi. Akatoka ya nne. Tukazunguka lile duara mpaka nikaona kizunguzungu, na tulipotoka neno langu lilikuwa limeshuka tena tumboni. Akaniuliza, "Ulikuwa unasema?"

"Nilisema maji ni mengi."

NJIA YA CARCASSONNE

Siku hii ndiyo yenyewe. Ni mwendo mrefu, kutoka katikati ya nchi mpaka kusini. Nilishajifunza saa zao za kula, kwa hivyo asubuhi nilichemsha mayai ndani ya birika la chai la hoteli. Rukia asisikie. Tukanunua mkate, nyanya, vitunguu na pilipili.

Tukaacha barabara kubwa, tukaingia kijiji kimoja, jina lake sikulishika. Kanisa dogo, miti, na meza ya mawe yenye mabenchi. Kimya. Madirisha yote yamefungwa kwa mbao. Nikakata kachumbari, nikatandaza leso yangu, Mzee akaanza kumenya yai.

Akapita mama mmoja wa makamo yangu, labda kanizidi, ana kikapu mkononi. Alipotufikia akainamisha kichwa, akasema, "Bon appétit." Salma alishanifundisha, ni dua yao ya mtu anayekula. Sasa mtu akikupitia unakula, akakusemesha, wewe ulolelewa unasema nini? Nikapiga benchi kwa kiganja, nikasema, "Karibu, mama! Karibu!"

Akalitazama benchi. Akanitazama mie. Akamtazama Mzee. Akakaa.

Mzee akaninong'oneza bila kugeuza shingo, "Umefanya nini?"

"Nimemkaribisha."

"Sasa amekaa!"

"Naona."

"Ala! Na yai ni langu hili."

"Mpe."

Akampa. Yule mama akatoa kisu mfukoni, akatoa jibini kikapuni na matunda ya zambarau, akaweka katikati kama anayelipa kiingilio. Akala kachumbari, pilipili ikamshika, akakohoa, machozi yakamtoka, akacheka, akachota tena. Akajigusa kifua: Odile. Nikajigusa: Mwanaisha. Mzee akasema "Athmani" kama anayeulizwa na askari.

Basi tukazungumza. Msiniulize kwa lugha gani. Yeye anasema Kifaransa chake, mie nasema changu, na wala hatukatizani. Akanionyesha dirisha moja lililofungwa, nyumba yake. Akaonyesha pete, akaonyesha chini, ardhini. Akainua kijiko kimoja hewani, akatazama kushoto kwake, akatazama kulia kwake, akatikisa kichwa. Mtu anayekula peke yake, hilo halihitaji mkalimani.

Na mie, wallahi, kitu kikafunguka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Odile, mwenzangu, wewe kiti chako ni kitupu. Mie changu kina mtu, na bado nakula peke yangu. Mie nataka kurudi kwetu. Kule nikikohoa ndani, jirani ananiuliza u mzima? Huku nilipo nikianguka jikoni, friji ndiyo itasikia. Kutwa nzima nasikiliza lile friji likinguruma, na likinyamaza naona kama mtu ametoka. Huyu mzee nampenda. Lakini yeye hawezi kuja na mie siwezi kukaa, na sijui nitamwambiaje."

Odile akanipapasa mgongo wa kiganja, akasema, "Oui, oui," ndiyo, ndiyo.

Ndipo nikasikia kimya cha upande wa pili wa meza. Mzee alikuwa ameshika yai la pili, nusu limemenywa, nusu lina ganda. Hatafuni, hasemi mm. Ananitazama kama mtu aloona jina lake limeandikwa mahali.

Najua mtasema, Bi Mwanaisha, nyinyi watu wa pwani, ulimpiga fumbo makusudi, uliuambia ukuta ili asikie mwenye nyumba. Sikupiga fumbo. Nilisahau kuwa yupo. Na hilo ndilo baya zaidi.

Odile akaondoka na visheti vyangu vyote vilivyobaki. Alinibusu shavu hili na hili, akamshika Mzee mkono kwa mikono miwili kama anayempa pole.

CARCASSONNE

Garini hata mm hakuna. Yule mwanamke wa kwenye simu akasema kata kulia, na kwa mara ya kwanza Mzee hakukata. Tukapotea mashambani, mizabibu kila upande, na hakuna alomlaumu mwenziwe.

Carcassonne ni mji ndani ya ukuta, na ukuta ndani ya ukuta mwingine, na minara yenye kofia za ncha. Ngome yetu ya Mombasa ingeingia mle kama kikombe kwenye sinia. Watu wanapanda juu wawili wawili, wanapigana picha. Mzee akatangulia mbele, mikono nyuma, mie nafuata. Nilihesabu viraka vya mgongoni mwa shati lake, ambalo nilimwambia asilibebe.

Jioni hotelini wakatuletea sufuria la maharagwe lina nyama ya nguruwe ndani, tukalirudisha, wakatupa samaki. Mzee huwa ananitolea miba, tangu nilipokuwa mwari. Siku ile akatoa miba yote, akaniwekea nyama kwenye sahani yangu, na macho hakuinua. Ningetamani anitukane.

AVIGNON

Avignon kuna daraja lilokatika. Zamani lilivuka mto, mafuriko yakalichukua kidogo kidogo, sasa limebaki kipande, unatembea unatembea unafika mwisho na maji yako chini yako na ng'ambo ileee. Watu wanatoka dunia nzima kuja kuona daraja lisilofika. Nikamwambia Mzee, "Kwetu lingekuwa limeshabomolewa, mawe yamejengewa vyoo." Nilisema tu kwa mazoea ya kusema.

Tulipofika mwisho pale, akashika chuma cha kuzuia watu, akasema, "Friji."

"Friji gani?"

"Ulimwambia yule mama, ukianguka friji ndiyo itasikia."

"Nilisema."

"Kwani mie niko wapi?"

"Uko sebuleni, Baba Rukia. Televisheni iko juu."

Akacheka kidogo kwa pua, halafu kicheko kikamgeukia. "Mie nilidhani wewe unapapenda pale. Kutwa unacheka na watu."

"Nikinyamaza mie, nani atasema?"

Upepo wa Avignon si mchezo, ulitaka kunivua mtandio. Mzee akanishikia ncha yake. Akasema, "Kwenye lori hakukuwa na mtu wa kumwambia kitu. Mwanzo nilikuwa naumia. Nikajizoeza, mpaka nikaweza. Halafu nikarudi nyumbani, nikasahau kuwa sasa mtu yupo." Akaikaza ile ncha. "Siwezi kwenda na wewe."

"Najua."

"Na sikuzuii. Nenda kwenu, Mama Rukia, ukaulizwe u mzima. Ila usiniage kama unaaga jeneza. Mie bado nipo."

Nililia pale mbele ya watalii. Binti mmoja Mchina akanipa karatasi ya kufutia machozi, akatupiga na picha, sijui ya nini.

Na tangu pale Mzee akaanza kusema! Njia nzima ya kurudi. Akanieleza mvua za mawe zilomkuta karibu na Mesquite, akanieleza mbwa alokuwa akimngoja kwenye ghala moja, akampa na jina, Sultani. Miaka yote hiyo sijui kama mume wangu ana mbwa. Nilimzima yule mwanamke wa kwenye simu nimsikilize vizuri. Nanyi mtadhani nilifurahi. Nilifurahi, lakini iliniuma vibaya, kwa sababu mzee bubu ni rahisi kumwacha.

DALLAS MPAKA HOUSTON

Salma alitupokea Dallas mchana, joto limetulia juu ya lami, akasema ataendesha yeye. Babu yake akalala kiti cha nyuma kabla hatujatoka mjini. Mie nikakaa mbele.

"So, Bibi. Ulimwambia?"

"Nilimwambia Mfaransa. Yeye akasikia."

Nikamweleza yote. Akacheka kwenye yai, akanyamaza kwenye daraja. Halafu akaniuliza, mbona nimekaa kama nilofiwa, ilhali ruhusa nimepewa?

Nikamwambia hofu yangu, ambayo sikumwambia Odile wala babu yake. Mama yangu alipofariki Takaungu, mie nilikuwa Houston. Nikapigiwa simu nikaambiwa mama ana homa kidogo. Nikakaa kwenye mswala namwombea apone, na mtu keshazikwa, matanga yashaanuliwa. Rukia alijua. Kila mtu alijua. Walisema hatukutaka ushtuke. Hawakuwa na ubaya, ndivyo tunavyofanyiana, alo mbali anafichwa. Sasa nikiwa mie ndiye nilo mbali, na Mzee yuko huku na moyo wake ule, kila siku wataniambia hajambo. Hajambo, hajambo. Nitaiamini hajambo ipi?

Salma akawasha taa ya kukata kona, akaingia kituo cha mafuta, na mafuta tulikuwa nayo. Akazima gari. Akamtazama babu yake kwenye kioo, amelala mdomo wazi. Akanishika mkono, na akasema Kiswahili, pole pole, kama anayebeba kikombe kilichojaa.

"Bibi, wewe nenda. Babu akiumwa, nitakwambia anaumwa. Akizidiwa, nitakwambia amezidiwa. Mama akinikataza, nitakwambia na hiyo kuwa Mama amenikataza. Mimi sitakwambia homa kidogo. Nikijua mimi, saa hiyo hiyo, utajua wewe."